Sare, Lakini Yangu Iongezwe Kidogo

Duka langu liko kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu, na ukubwa wake ni huu: wakiingia wateja watatu, wa nne husimama kizingitini akaongea nami kutoka nje, na wote wanne wakasikia. Nalisema hili mapema kwa sababu kazi yangu, mbali na kutarizi, ni kutunza siri za wanawake wenzangu, na sijui mahali pabaya zaidi pa kutunzia siri kuliko duka lile.

Ukutani nimetundika vipande vya kitambaa, kila kimoja na nakshi yake, ili mteja achague. Ndivyo nilivyodhani nilipofungua duka. Niliuchafua ukuta mzima kwa misumari, nikapanga maua upande huu, mizabibu upande ule, na zari, zile nakshi za uzi wa dhahabu, juu kabisa ambapo mwanga wa mlangoni unapiga. Wateja wakaja, wakatazama, wakasema masha'Allah, kisha wakainama juu ya meza yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Haya ni ya kila mtu. Nionyeshe zile ulizozificha."

Sikuwa nimeficha kitu. Mwanzo niliapa, na nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kuniona mwongo na kuondoka. Ikabidi nijifunze. Siku hizi nakshi isipopata mwenyewe kwa muda mrefu, naishusha ukutani, naifunga kwenye kitambaa cha hariri, naitia kwenye droo. Mwanamke yule yule aliyeipita mara kumi bila kugeuza shingo, nikimtolea droo ile pole pole huku nikichungulia mlangoni, hushika kifua. "Hii! Hii ndiyo niliyokuwa nikiitafuta! Usimwonyeshe mtu." Simwonyeshi. Ilikuwa imeonyeshwa tayari, kwa mji mzima, kwa mwaka mzima.

Kwa hivyo nawajua wateja wangu, au nilidhani nawajua, mpaka ilipokuja harusi moja ya sare.

Harusi zetu za wanawake zina desturi hiyo. Wa upande wa bibi harusi, mama na mashangazi na mama wadogo na binamu wakubwa, huvaa kitambaa kimoja, mshono mmoja, nakshi moja, ili atakayeingia ukumbini ajue mara moja nani ni wa ndani na nani amealikwa. Ukiwa kwenye sare huhitaji kujieleza. Usipokuwa kwenye sare, hata ukiwa umevaa almasi, wewe ni mgeni, na mgeni hula akaenda zake.

Wale wa harusi hii walikuja wote kwa pamoja kuchagua nakshi. Nusu yao walikaa ndani na nusu kichochoroni, na aliyekuwa na mkokoteni wa ndizi akalazimika kurudi nyuma mpaka barabarani. Walibishana mpaka chai yangu ikapoa, ikaletwa nyengine, nayo ikapoa. Mwisho shangazi mkubwa wa bibi harusi, dada yake babake, akaamua. Maua ya asumini yaliyoshikana, yashuke kutoka shingoni mpaka kifuani, kwa uzi wa fedha juu ya kitambaa cha zambarau. Akagonga meza yangu kwa pete.

"Wote sawa. Asizidi mtu, asipungue mtu. Mumenisikia?"

Wote wakasikia. Hata mwenye ndizi alisikia.

Kesho yake, mara baada ya sala ya adhuhuri, akaingia mwanamke aliyejifunika gubigubi, nikabu mpaka kwenye kope. Katika familia ile hakuna anayevaa nikabu. Akasalimia kwa sauti ya kubana, na mimi nikaitikia kwa adabu zote, kwa sababu pete ilikuwa ile ile.

"Masalkheri, Bi Mkubwa," nikasema.

Akavua nikabu kwa hasira. "Basi ndiyo mimi. Sikiza. Mimi ndiye mkubwa wao. Watu wakiingia wataniangalia mimi kwanza. Niongezee kitu kidogo kwenye yangu. Kisionekane sana."

"Kisipoonekana, cha nini?"

"Kionekane kwa mwenye macho."

Akainua uso, akatazama ukuta, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kipande kimoja cha juu: korosho ndogo ya zari, ile nakshi iliyopinda kama korosho yenyewe, niliyoitarizi mwishoni mwa mkono wa gauni kuonyesha inavyokaa. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Akaitaka kwenye mikono yote miwili. Akaniapisha nisimwambie mtu, nikaapa, akajifunika tena na kutoka. Paka wa jirani tu ndiye aliyedanganyika.

Siku ya pili alikuja mama wa bibi harusi. Yeye hakujifunika. Alikuja na sababu. Binti ni wake, uchungu ni wake, na wifi yake, yule shangazi mkubwa, amezoea kumfunika kwenye kila shughuli, basi safari hii nimwongezee kitu kidogo. Kidole chake kikapanda ukutani na kutua kwenye korosho.

Hapa ndipo ningepaswa kusema, hiyo imekwisha kuchukuliwa. Lakini nikisema imechukuliwa, ataniuliza na nani. Na nikinyamaza nisimpe jibu, atalijua, kwa sababu katika mji wetu kunyamaza ni kutaja. Nimeapa. Nikajaribu njia ya pembeni. "Na hili ua la karafuu, mama? Latulia zaidi kwa mtu wa heshima zako."

Akanikazia macho. "Mbona wanikatazia korosho? Umemwekea nani?"

"Simwekei mtu."

"Basi nitarizie."

Nikaandika kichwani. Wakaja waliosalia, mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake ya kuvizia. Mama mdogo alisema ana mabega mapana na anahitaji kitu cha kuyapunguza, kana kwamba zari kwenye mkono hupunguza bega. Binamu aliyeachwa alisema mamake mume wake wa zamani atakuwako. Mwengine alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu akinong'ona, na nyuma yake nikasikia sufuria na kelele za nyumba ya watu wengi, nikajua kajifungia jikoni. Kila mmoja nilijaribu kumtoa kwenye korosho, na kila nilipojaribu ndivyo alivyoing'ang'ania, kwa sababu nakshi ambayo fundi hataki kukupa lazima ina jambo. Tabia hii niliijua, ndiyo iliyokuwa ikinilisha, na sasa ikanifunga mdomo. Nikala viapo mpaka nikachanganya nimemwapia nani nini.

Wa mwisho hakuja kwa kuvizia. Alisimama nje na kikapu cha kutoka soko la Marikiti, mboga zikichungulia, akangoja mpaka duka likawa tupu kabisa, ingawa ndani alikuwamo mteja mmoja tu na nafasi ilikuwapo.

Nilimjua kwa macho. Ni mama wa makamo aliyetoka upande wa Kwale akiwa msichana, akaingia nyumba ile kufanya kazi, na hajatoka. Yeye ndiye aliyewalea watoto wote, na huyu wa mwisho, bibi harusi mwenyewe, inasemekana hakulala mgongoni kwa mtu mwengine. Mji mzima ulikuwa na habari kwamba msichana ameweka nadhiri: yaya wake asipovaa sare, hatoki chumbani siku ya kutolewa nje, anapoonyeshwa kwa wanawake. Shangazi mkubwa aliniletea kitambaa cha yule mama kwa ncha za vidole. "Mtoto kang'ang'ania," aliniambia. "Basi mshonee."

Nilimkaribisha akae. Akakaa kwenye ukingo wa kigoda, kikapu miguuni.

"Mwanangu," akasema, "harusi ya dadake huyu nilivaa leso zangu mpya. Nzuri, wallahi. Nimeingia ukumbini, huyu aniagiza maji, yule aniagiza kiti, huyu anipa mtoto nimshikie. Harusi ikaisha na bibi harusi sikumuona. Na nimemlea mimi."

Nilisema pole. 

"Hawakunitukana. Hawakujua tu mimi ni wa ndani. Sasa harusi hino nataka nikiingia nijulikane." Akatazama ukutani, kipande cha mfano cha sare yao, asumini za fedha juu ya zambarau, akaacha macho pale. "Yangu iwe sawasawa na zao. Isizidi, isipungue."

Katika sare nzima, yeye peke yake ndiye aliyeniomba sare. Nilimpenda hapo hapo. Nilimtarizia asumini zake jinsi zilivyo ukutani, ua kwa ua, na nikajiona nimepata mteja mmoja wa kumshonea bila kiapo.

Mpango wangu ulikuwa kila mmoja achukue gauni lake siku yake, limekunjwa, limefungwa kwenye karatasi, asimuone mwenzake. Lakini stima ikawa inakatika mtaani kwetu, umeme unarudi, unakatika, mashine inasimama, na kazi iliyokuwa imalizike kidogo kidogo ikamalizika yote kwa pamoja, na harusi iko mlangoni. Wakapigiana simu. Wakasema watakuja wote baada ya alasiri.

Niliyatundika magauni kwenye bomba ili nipige pasi ya mwisho. Ndipo nilipoyaona yote kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Mikono ya zambarau imepangana kutoka mwanzo wa bomba mpaka mwisho, na kila mkono una korosho yake ya dhahabu. Kila mmoja alitaka kuwazidi wenzake kidogo, na wote wamezidi kwa kiasi kile kile. Nilicheka. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza. Sare ile iliyoshindwa kuamriwa kwa pete imeletwa na choyo, na imekaa sawa kuliko sare yoyote niliyowahi kushona.

Kisha nikafika kwenye gauni la mwisho, halina korosho. Nikaacha kucheka.

Alitaka sawasawa na zao. Na hili, katika mstari ule, lilikuwa limepungua. Mtu yeyote akiliona angesema huyu kapewa la kazi. Nililitoa kwenye henga haraka, nikatafuta zari, nikatafuta sindano, na sindano sijaitia uzi nikasikia hodi.

Waliingia wakiongea, wakaliona bomba, wakanyamaza. Sijawahi kusikia duka langu kimya vile likiwa limejaa watu. Mama wa bibi harusi akatazama mkono wa gauni la wifi yake. Wifi yake akatazama mkono wa gauni la mama. Mama mdogo akayatazama yote na kuanza kufunga na kufungua mkoba. Hakuna aliyeweza kulalamika, kwa sababu wa kwanza kuuliza korosho zimetoka wapi ndiye angekuwa wa kwanza kusema yake ilitoka wapi.

Mwisho binamu mmoja akajitolea. "Masha'Allah," akasema. "Zimetoka sare kabisa."

"Kabisa," wakaitikia wote, mbio, kama waliookolewa.

Basi ningedhani yamekwisha. Lakini shangazi mkubwa alihitaji mahali pa kuitupa aibu yake, na macho yake yakashuka kwenye gauni lililokuwa mikononi mwangu.

"Na hino mbona haina korosho?"

Akaligusa kwa pete.

"Nilisema asizidi mtu, asipungue mtu. Hino ya nani? Nani huyu aliyetaka kutuharibia sare?"

Wakageuka wote. Walihema kwa faraja, Mungu anisamehe, kuona kuna mkosaji na si wao. Mmoja akasema labda ni njia ya kujitofautisha, kuna watu wapenda kujitofautisha. Yule mama wa Kwale alikuwa amesimama kizingitini, mahali pa mteja wa nne, na alikuwa amesikia yote.

"Nilimwambia iwe sawasawa na zenu," akasema. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wao, mmoja baada ya mwengine, na sauti yake haikupanda. "Nilikuja hapa, nikamwambia, isizidi, isipungue."

Nilikuwa na hasira iliyonipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na majina yote mdomoni, nikabu na mabega na ujumbe wa jikoni, na ningeyamwaga yote mezani na kufurahi kwa dakika moja nzuri. Ningepoteza familia ile na kila familia inayokula nao, lakini hilo sikulijali sana wakati ule. Nililojali ni kwamba wangeondoka pale wakitukanana, harusi ingechafuka, na katika kuihadithia wasingesema iliharibiwa na korosho zao. Wangesema iliharibiwa na gauni la yaya.

"Haijesha," nikasema. "Ya huyu mama niliiwacha mwisho. Stima ilinikatikia. Ngojeni, naimaliza kwa mkono."

Shangazi mkubwa akapata alichokuwa akikitafuta. Akanisema. Akaniambia fundi mzuri hampi mtu ahadi asiyoiweza, akaniambia siku hizi kazi za watu hazina uaminifu, na kwamba uaminifu ndio kila kitu kwenye biashara. Aliyasema haya akiwa na korosho mbili za dhahabu nyuma ya bega lake, kwenye henga. Nikamwambia ni kweli, Bi Mkubwa, nisamehe. Nikatia uzi.

"Ingia, mama, ukae," nikamwambia yule wa kizingitini. Safari hii aliingia.

Wengine hawakuondoka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka na kuwaachia wenzake nafasi ya kumsema. Wakasimama wamebanana kuzunguka meza yangu huku nikitarizi, na kwa kuwa hapakuwa na jambo jengine la salama la kuzungumza, wakamzungumzia bibi harusi, alivyokuwa mtoto, alivyokuwa akilia usiku. Kila walipobishana kuhusu jambo, ilibidi wamuulize yule mama, maana yeye ndiye aliyekuwa macho. Akawajibu. Mkono wangu ulinishawishi kuitia zari korosho yake zaidi, ing'are kuliko zote. Niliukataza. Alisema isizidi.

Nilialikwa harusini. Mimi hualikwa kila harusi ninayoishonea, ili mshono ukifumuka nipatikane. Ilikuwa jioni ya kutolewa nje bibi harusi, shughuli ya wanawake pekee, mabuibui yamevuliwa na kurundikwa kwenye viti vya nyuma, na ukumbi unanuka udi. Sare ilipendeza. Nilimtafuta yule mama nikamuona katikati yao, zambarau kati ya zambarau, mikono yake inang'ara sawa na yao. Nikasema alhamdulillahi, nikatafuta kiti.

Sikukaa sana. Shangazi mkubwa alikuwa amebeba sinia la vikuba, vile vishada vya asumini na rehani wanavyobandika wageni kifuani, na simu yake ikalia. Akageuka, akamuona wa karibu, akampa sinia bila hata kumtazama. "Nishikie kidogo, ugawe huko nyuma." Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ni mkono uliozoea. Na yule mama akalipokea, naye kwa mkono uliozoea, akaanza kuzunguka.

Nilitaka kulia, nasema kweli. Nilikuwa nimetarizi mikono ile kwa sindano, nimesema uongo mbele ya watu, na kumbe mkono ukiwa umebeba sinia hakuna anayetazama umetariziwa nini. Wageni walichukua vikuba wakiwa wanaongea na wenzao. Mmoja alimuuliza maji yako wapi. Akamwonyesha. Alipita safu baada ya safu mpaka akafika nyuma kabisa nilikokuwa mimi, mbali na jukwaa.

Hapo ndipo mwenye kipaza sauti alipoita. "Wenye sare! Wenye sare mbele, tumtoe bibi harusi!"

Kule mbele zambarau zikaanza kukusanyika na kupanga mistari miwili. Yule mama akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mahali pa kuweka sinia, na meza hapakuwa nayo. Nilijua atakachofanya. Atagawa kwanza vilivyobaki, kwa sababu kazi uliyopewa huimaliza, na akiimaliza msafara utakuwa umepita.

Akaja mbele yangu. Akaniwekea sinia mikononi.

"Nishikie, mwanangu," akasema. "Naitwa."

Akaenda. Hakukimbia. Alipita katikati ya ukumbi, akafika kwenye mstari, na wao wakasogea, kwa sababu sare ni sare na pengo lilikuwa linaonekana. Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikapanda, na sikuona vizuri yaliyofuata, maana mgeni mmoja kwenye safu ya mbele yangu alikuwa ananipungia mkono bila kugeuza kichwa.

"We, lete vikuba huku."

Nikampelekea.